Ndovu Kwenye Tangi la Mayo

Kule Kuze, Mombasa, ukiuliza mpishi wa shughuli, wengi watakutajia Mapenzi. Hakuzaliwa mtaani humo. Kwao ni kupita Bamba, ndani kabisa, ambako mahindi hukauka yangali mafupi na mbuzi hutafuna hata makaratasi. Alikuja Mombasa akiwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, akaajiriwa kusugua masufuria na Bi Mwanakhamisi, mpishi ambaye wakati huo hapakuwa na harusi ya maana mjini isiyopita mikononi mwake. Mapenzi alianza na masizi, akapanda akawa mmenya vitunguu, kisha akaaminiwa bizari. Miaka kumi na minne baadaye, magoti ya Bi Mwanakhamisi yalipokataa kusimama mbele ya moto, mwiko ukawa wa Mapenzi. Walikuwapo walionung'unika kwamba pilau ya harusi haiwezi kupikwa na Mgiriama. Waliila, wakanyamaza.

Kijijini alimwacha mama yake, Kadzo, ambaye yeye humwita Mayo, kama wanavyowaita mama zao huko kwao. Baadaye akamwachia pia binti yake Stacy, aliyekuwa na miaka kumi na sita mwaka huo mambo haya yalipotokea. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na bati, vyumba viwili. Mayo alilala chumba cha mashariki, Stacy cha magharibi, na nyuma ya chumba cha Stacy ardhi iliteremka hadi kwenye shimo kubwa walilochimba udongo wa kukandika nyumba hiyo hiyo.

Ukame ulipoingia mwaka wa pili, Mapenzi alinunua tangi jeusi la plastiki. Lilisimamishwa juu ya msingi wa mawe, likiegemea ukuta wa chumba cha Mayo. Kwa kuwa Mayo alikuwa na nyonga mbovu na kila hatua ilimuuma, fundi alitoboa ukuta, akapitisha bomba, na mfereji ukawa ndani, karibu na kitanda. Gari la maji lilikuja kulijaza kila mwezi. Majirani walikuja kulitazama tangi hilo kama watu wanaotazama gari jipya, na Mapenzi, kila alipolikumbuka akiwa mjini, alijisikia mtoto aliyefanya la maana.

Ndovu nao walikuwa na kiu. Walitoka mbugani usiku, wakavunja ghala la jirani yao Ngala, wakang'oa migomba iliyobaki, na kabla ya jua kuchomoza wakarudi porini. Watu walijifunza kuishi hivyo. Usiku walijifungia ndani, mchana walitoka. Hakuna aliyefikiri mpango huo ungevunjika.

Jumamosi moja Mapenzi alikuwa akipika harusi ya binti wa Bwana Zakariya. Alfajiri alikuwa sokoni Marikiti kuchagua vitunguu na viazi, na kufikia saa nane mchana masufuria matatu makubwa yalikuwa mekoni katika ua wa nyuma wa nyumba ya bibi harusi. Nyama ilikuwa imeiva na viazi vimewekwa. Bado mchele. Wageni walikuwa waje kula baada ya swala ya alasiri. Ghorofani wanawake walikuwa wakiimba na kupiga vigelegele, na Bi Mwanakhamisi, ambaye alialikwa kama mgeni lakini hakuweza kukaa mbali na jiko, alikuwa ameketi kwenye kiti kivulini, bakora mapajani, akitazama moto.

Simu ya Mapenzi ililia. Alipoona ni Mayo, alishangaa. Mama yake hakuwa mtu wa kupiga simu mchana.

"Mapenzi," sauti ilisema, chini sana, "wako hapa."

"Nani, Mayo?"

"Ndovu. Wako uani."

Mapenzi aliuacha mwiko ndani ya sufuria akaenda kusimama chini ya ngazi, ambako kelele zilipungua kidogo. Alidhani hakusikia sawa. Jua lilikuwa juu ya vichwa vya watu.

"Wangapi?"

"Nimeona watano. Na mtoto mmoja. Wanalizunguka tangi." Mayo alivuta pumzi. "Niko chini ya kitanda."

"Stacy yuko wapi?"

"Amepeleka mbuzi lamboni. Hurudi saa tisa."

Njia ya kutoka lamboni ilipita katikati ya vichaka, ikaja ikatokea uani moja kwa moja. Stacy hakuwa na simu. Ile moja waliyokuwa nayo, kabambe, simu ya zamani ya vibonyezo yenye kamba ya raba, ndiyo hiyo Mayo alikuwa ameishika. Msichana angekuja akiswaga mbuzi, akiimba pengine, hadi awe mbele ya ndovu kwa umbali wa kutupa jiwe.

"Usitoke, Mayo. Usiseme neno. Nakupigia sasa hivi."

Alimpigia Ngala. Simu ilikuwa imezimwa. Alijaribu tena, ikawa vile vile. Akatafuta namba ya askari wa wanyamapori, ambayo chifu aliwagawia mwaka uliopita. Mtu aliyepokea alikuwa mpole. Aliuliza kijiji, akauliza idadi, akasema gari liko upande wa pili lakini linageuza sasa hivi. Lingechukua saa moja, au saa moja na nusu. "Mwambie mama asitoke nje," alisema, "na watu wasiwapigie kelele. Wakiwa na mtoto huwa wakali."

Ndipo akampigia Charo, mtoto wa shangazi yake, ambaye ni mwendeshaji wa bodaboda pale Bamba.

"Charo, uko na mteja?"

"Nimemshusha sasa hivi, dada. Kuna nini?"

Alimweleza kwa maneno machache. Charo hakuuliza mara mbili.

"Nitapitia njia ya shule," alisema. "Nikimkuta kabla hajafika kwenye ule mkwaju wa karibu na nyumba, tumepona."

"Pikipiki uizime mbali. Wasiisikie."

"Nimeelewa."

Alipogeuka, Bwana Zakariya alikuwa amesimama mlangoni akiwa na kanzu nyeupe, uso wake una wasiwasi wa mtu anayeoza binti wa kwanza.

"Habari za jikoni, Mapenzi?"

"Njema, Bwana Zakariya. Natia mchele sasa."

"Watu mia mbili na kitu. Usituaibishe, mwanangu."

"Hamtaaibika, inshallah."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya kila siku, na hata yeye alistaajabu jinsi ilivyotoka. Alitia mchele sufuria la kwanza, akapima maji kwa kidole kama alivyofundishwa, akaenda la pili. Mikono ilijua kazi yake. Kichwa kilikuwa kwenye ile njia ya vichaka, kikihesabu hatua za msichana na mbuzi kumi na moja.

Hakuwaambia wenzake. Alihofu kwamba akifungua kinywa atalia, na akilia, hatajua tena chumvi ametia au hajatia.

Simu ililia tena kabla ya mchele wa sufuria la tatu kuingia. Safari hii Mayo hakunong'ona maneno yote. Mengine yalikuwa pumzi tu.

"Ameingiza mkonga. Juu, pale ukuta unapoachana na bati. Anapapasa."

"Anapapasa nini?"

"Godoro. Liko juu yangu, Mapenzi. Nasikia harufu ya pumzi yake."

Mapenzi alilibana sikio lake la pili kwa kiganja. Kupitia simu aliisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu utotoni, mngurumo mzito wa tumboni, kama gari kubwa linalosubiri barabarani. Kisha kitu kikalia kwa mkwaruzo mrefu: tangi likisuguliwa ukutani. Udongo ulianza kudondoka.

Saa ile ile, ghorofani, bibi harusi alitolewa chumbani. Vigelegele vililipuka nyumba nzima. Mapenzi aliifunika simu kwa mkono, akaikunja ndani ya leso, akaibana kifuani, lakini alijua amechelewa. Kabambe ya Mayo ilikuwa na spika kubwa ya kusikika hata na kiziwi.

Aliporudisha simu sikioni hapakuwa na mngurumo wala mkwaruzo.

"Mayo?"

Alihesabu hadi tatu.

"Mayo."

"Wamesimama," Mayo alinong'ona. "Wote wamesimama. Wanasikiza."

Walikaa hivyo, mama chini ya kitanda na binti chini ya ngazi. Kisha tangi likaanza kukwaruza tena, kwa nguvu zaidi, na kitu kikapasuka.

"Ukuta umefanya ufa," Mayo alisema. "Naliona jua."

Wakati huo ndipo Mapenzi alipoelewa kwa uwazi kabisa. Ndovu hawakumtaka Mayo, wala nyumba. Walitaka maji, na maji yalikuwa ndani ya tangi lililofungwa juu kwa kifuniko cha skrubu na ambalo mfereji wake pekee uko chumbani. Wangelisukuma hadi wayapate, na ukuta ungekwenda pamoja nalo. Yeye ndiye aliyeliweka pale. Yeye ndiye aliyemwambia fundi aliegemeze karibu, bomba liwe fupi.

"Mayo, nisikilize. Ule mpira wa kumwagilia mchicha uko wapi?"

"Msumarini. Mlangoni."

"Toka chini ya kitanda. Polepole. Uchukue, uuchomeke kwenye mfereji. Kisha uuburute mpaka chumba cha Stacy, uupitishe dirishani, uangukie kule nyuma. Ufungue maji yote."

"Yote?"

"Yote. Yateremke shimoni. Watayafuata."

Mayo alisema jambo ambalo Mapenzi hakulitarajia. "Haya ni maji yako. Ni ya mwezi mzima. Mtoto atakunywa nini?"

"Mayo, tafadhali."

"Wataondoka wenyewe. Siku zote huondoka."

Ukuta ulilia tena. Na Mapenzi, ambaye katika umri wake wote hakuwahi kumwinulia mama yake sauti, ambaye bado humsalimia kwa kupiga magoti, alisema kwa meno yaliyofungana: "Wewe mwanamke mkaidi, inuka hapo. Inuka sasa hivi. Maji nitanunua mengine. Inuka."

Alisikia simu ikiwekwa sakafuni, kisha mguno wa mtu anayejiburuta. Alimwona mama yake kwa akili: ile nyonga, ule mkono unaotafuta ukuta. Alisikia msumari ukigonga, akasikia mpira ukikokotwa sakafuni, akasikia Mayo akirudi kuchukua simu na kuitia kifuani, maana sasa alisikia moyo wake, au alidhani ni moyo. Hatua. Kusimama. Hatua. Mlango wa chumba cha Stacy ukilia bawaba.

"Hauingii kwenye mfereji," Mayo alikuwa amesema hapo mwanzo, kabla ya kuiokota simu, kisha, "umeingia." Sasa alisema, "Niko dirishani. Mpira uko nje. Lakini mfereji sijaufungua, nilisahau. Itabidi nirudi."

Mapenzi alifumba macho.

"Rudi, Mayo. Haraka."

Hatua tena, za kwenda na za kurudi, na kati yake sauti ya maji yakivuma ndani ya mpira. Kisha Mayo akawa dirishani tena, akihema.

"Yanateremka," alisema. "Yanakwenda shimoni. Mtoto wao ameyaona. Anakuja huku. Mama yake anamfuata." Sauti yake ilikuwa na mshangao. "Wakubwa wanne wamekuja, Mapenzi. Wako shimoni. Lakini mmoja, dume, hataki, namsikia bado ameegemea..."

Mlio uliofuata ulikuwa kama lori linalomwaga kokoto. Kisha simu ikakatika.

Mapenzi alipiga. Mteja hapatikani. Alipiga mara sita. Alirudi mekoni kwa sababu hakujua kwingine pa kwenda. Maji ya sufuria la kwanza yalikuwa yamekauka; wakati wa kupalia ulikuwa umefika, kufunika na kutia makaa juu ya kifuniko. Alichukua koleo. Makaa yakamwagika chini, karibu na miguu yake.

Bi Mwanakhamisi aliinuka kwenye kiti. Ilimchukua muda, lakini aliinuka.

"Mapenzi. Una n'ni?"

Ndipo akasema. Alisema yote kwa mfululizo mmoja, ndovu na tangi na Stacy njiani na ule mlio wa mwisho, na wasichana waliokuwa wakikata kachumbari waliacha visu.

Bi Mwanakhamisi hakusema pole. Aliunyosha mkono. "Nipa koleo," alisema. "Keti tini, ushike simu yako. Hini kazi niwatia mimi." Alikuwa akimwambia akae chini, kazi amwachie yeye.

"Bi, magoti yako."

"Nimepika kabla hujazawa. Keti."

Alikuwa na miaka sita hajasimama mbele ya moto. Alisimama, bakora mkono mmoja na koleo mkono mwingine, akawaelekeza wale wasichana kwa kidole, akapalia masufuria yote matatu bila kuharakisha. Jasho lilimtiririka chini ya mtandio. Mara mbili alilegea, mara mbili msichana mmoja akataka kumshika, naye akamzuia kwa jicho. Mapenzi aliketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, simu mapajani, akiitazama.

Robo saa ilipita. Nusu saa. Adhana ya alasiri ilisikika kutoka msikiti wa karibu, kisha wa mbali. Alikuwa ameanza kumfikiria mama yake kwa namna ambayo watu huwafikiria waliokwisha kwenda, akikumbuka leso fulani ya bluu, namna alivyokuwa akimsuka nywele akimbana kichwa kati ya magoti. Kisha akamkumbuka Stacy na akashindwa kabisa kufikiri.

Simu ililia. Ilikuwa Charo.

"Niko naye," Charo alisema.

"Nani? Sema nani."

"Stacy. Niko naye hapa shuleni. Mzima. Aliona mavi mabichi ya ndovu njiani, yanatoka moshi, akawageuza mbuzi mwenyewe. Nimemkuta amewafungia darasani." Sauti ya Charo ilishuka. "Dada, nyumba nimeiona kutoka hapa kilimani. Upande wa mashariki haupo. Chumba cha Mayo kimelala."

Mapenzi aliikaza simu sikioni.

"Ndovu wako shimoni wote. Hatuwezi kusogea. Askari wamefika Bamba, wanakuja. Usikate simu."

Hakukata. Alisikia upepo wa kilimani, akamsikia Stacy akilia na kumwita hawe, yaani bibi, akasikia gari likija. Ikaja milio miwili ya bunduki hewani, ya kuwafukuza ndovu. Kisha watu wakikimbia, na pumzi ya Charo, na matawi yakivunjika mbali, mbali zaidi. Charo alikuwa akishuka. "Kitanda kimefunikwa," alisema. "Udongo mtupu. Mayo! Mayo!" Halafu yakasikika mabati yakiburutwa.

"Yuko huku," Charo alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Chumba cha Stacy. Ameketi chini ya dirisha. Ameloa, na simu pia. Mpira bado ameushika, ameukaza, hataki kuuachia."

Mapenzi aliinama hadi paji la uso likagusa magoti. Bi Mwanakhamisi, aliyekuwa akimwangalia kutoka mekoni, aliona mabega yake, akakosea maana yake, akaanza kusema innalillahi. Mapenzi aliinua mkono kumzuia, akatikisa kichwa. Yule mzee alikaa kitini kwa kishindo, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akawaambia wasichana waanze kupakua.

Pilau ilikwenda kwa wageni kwa wakati wake. Bwana Zakariya alipopata habari baada ya wageni kuondoka, alikuja jikoni akasimama bila kujua aseme nini. Mwishowe alisema gari la mkwewe litampeleka Mapenzi Bamba asubuhi, na hakutaka kusikia jibu.

Jumapili Mapenzi aliyaona mwenyewe. Tangi lilikuwa limepondwa likawa bapa kama mkeka. Ukuta wa mashariki ulikuwa umeangukia kitanda, na boriti moja ilikuwa imelala palepale kichwa cha Mayo kilipokuwa kabla ya kuamrishwa kuinuka. Shimoni tope lilikuwa na alama za miguu mipana kama sinia, na katikati yake alama ndogo za mtoto, zimepishana huku na huku kama za mtoto yeyote aliyekutana na maji.

Mayo alikuwa kwa Ngala, kwenye mkeka, mguu umenyooshwa. Mapenzi alipiga magoti, akamsalimia. Mama aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwingine.

"Hukuumia, Mayo?"

"Sikuumia."

Walikaa. Stacy alileta chai, akaondoka. Mayo alikizungusha kikombe mkononi.

"Jana," alisema, "uliniita nini?"

Mapenzi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mayo. Niliogopa."

"Uliniita mwanamke mkaidi. Mimi niliyekuzaa."

"Nisamehe."

Mayo alikunywa chai kidogo. Alitazama nje, ambako Charo na Ngala walikuwa wakitoa mabati yaliyofaa kutoka kwenye kifusi na kuyapanga pembeni. Wanaume wale walikuwa wameshakubaliana kwamba nyumba mpya itajengwa karibu na ya Ngala, na tangi, likipatikana jingine, litakaa mbali na kila mtu, mahali pa wazi, na wanyama wawe na lao la kunywea. Mayo alikwisha sema Mombasa haendi. Hawezi ngazi, na hawezi kuishi mahali ambapo hajui mvua inatoka upande gani.

"Mama yangu pia aliwahi kuniita hivyo," alisema. "Siku niliyokataa kuolewa na yule mtu wa Vitengeni." Alikiweka kikombe chini. "Sogea hapa, unikande hii nyonga. Imeniuma usiku kucha, na huyu Stacy mikono yake ni laini mno."

Mapenzi alisogea, akakunja mikono ya buibui lake, akaanza kukanda.